Kuvuka kwenda Unguja au Pemba na watoto: namna ya kuchagua njia, boti na saa

Familia nyingi za Kenya zinazopanga likizo ya Zanzibar huanza na hoteli. Chumba kizuri hupatikana Nungwi au Paje, pesa hulipwa, kisha ndipo mtu huuliza: "Sasa tutavukaje?" Ushauri wangu ni kuugeuza mpango wote. Anzeni na bahari, hoteli ifuate. Mtoto akitapika saa mbili mfululizo, au mkifika bandarini boti imeshaondoka na mna mabegi sita na mtoto mchanga mgongoni, uzuri wa hoteli hautawafaa kitu siku hiyo.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya familia zinazotoka Mombasa, Nairobi na kwingineko Kenya zikielekea Unguja au Pemba kupitia Tanzania bara. Wanaotoka Uganda, Rwanda au Burundi wanaweza kuufuata kuanzia pale tutakapofika Dar es Salaam.

Hatua ya kwanza: je, boti inawafaa kweli?

Kutoka Mombasa hakuna boti ya abiria ya kila siku ya kukupeleka Unguja, ingawa kwenye ramani ni karibu. Njia ya maji kwa Mkenya inaanzia Dar es Salaam, na kwa wachache inaanzia Tanga. Kwa hiyo kabla ya boti kuna basi, na safari ya basi si ndogo. Kutoka Mombasa mtavuka Likoni au kupita Dongo Kundu, mshuke Lunga Lunga, mgongewe muhuri Horohoro, mpite Tanga, na Dar mtaingia jioni. Kutoka Nairobi kupitia Namanga na Arusha ni mbali zaidi, na wengi hutia usiku mzima humo barabarani.

Chukueni karatasi mpige hesabu ya mlango kwa mlango. Andikeni nauli ya basi ya kwenda na kurudi kwa kila kichwa, kulala Dar usiku mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, chakula cha njiani, teksi za Dar, kisha nauli ya boti. Wekeni jumla hiyo kando ya bei ya ndege ya moja kwa moja. Kwa mume na mke peke yao, tofauti mara nyingi ni ndogo kuliko walivyodhani. Kwa familia ya watu watano au sita, tofauti inaanza kuwa ya maana.

Halafu hesabuni siku. Njia ya basi na boti inakula karibu siku mbili za kwenda na mbili za kurudi. Mwenye likizo ya siku nne apande ndege tu, asijitese. Mwenye wiki moja na zaidi, na watoto waliopita umri wa kubebwa, ndiye ambaye boti inamfaa, tena watoto wataona mengi ambayo ndege haiwaonyeshi.

Mwenye gari lake anaweza kuendesha hadi Dar au Tanga, lakini aliache huko mahali penye ulinzi. Gari la Kenya likiingia Tanzania linahitaji kibali cha muda mpakani na bima inayotambulika upande wa pili, ile ya kadi ya COMESA. Kulivusha hadi kisiwani kwa likizo ya wiki moja ni gharama na usumbufu usio na faida.

Hatua ya pili: ulizeni upepo kabla ya kuuliza bei

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote, na ndipo watu wa bara hupita haraka.

Bahari kati ya Dar na Unguja inatawaliwa na pepo mbili kubwa. Kaskazi, utokao kaskazini, huvuma takriban Desemba hadi Machi. Kusi, utokao kusini, huanza kujitokeza Aprili, hukomaa Juni, Julai na Agosti, kisha hulegea kuelekea Septemba na Oktoba. Katikati ya pepo hizo kuna vipindi vya utulivu ambapo maji hulala kama sahani.

Sasa wekeni kalenda ya shule juu ya kalenda ya upepo. Likizo ya Aprili inaangukia masika: mvua kubwa, anga nzito, na kusi ndiyo kwanza anaamka. Bei za hoteli hushuka, lakini siku za kukaa ndani huongezeka. Likizo ya Agosti inaangukia kusi aliyekomaa. Jua ni la kupendeza, hakuna joto kali, na fukwe ni nzuri, ila njia ya kufika huko inarusha. Likizo ndefu ya Novemba na Desemba ndiyo ninayoipendekeza kwa familia yenye watoto wadogo, hasa kabla ya Krismasi: kusi amekwisha, kaskazi hajapata nguvu zake zote, na mvua za vuli huja kwa manyunyu yanayopita. Baada ya Krismasi kisiwa hujaa na bei hupanda, lakini bahari bado inasafirika.

Kama hamna budi kwenda Agosti, jueni jambo hili: Unguja iko kaskazini ya Dar. Wakati wa kusi, mnapokwenda upepo unawasukuma kwa nyuma, na safari huwa ya kuvumilika. Mnaporudi mnaukabili kwa uso, boti inapiga wimbi moja baada ya jingine, na huko ndiko watu hulala sakafuni. Wengi husifu safari ya kwenda wakadhani wameshamalizana na bahari, kisha hukutana nayo siku ya kurudi. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka, taabu ikawa ya kwenda. Kwa hiyo dawa na mipango ya watoto ielekezwe zaidi kwenye safari inayoukabili upepo.

Siku mbili tatu kabla ya kuvuka, fuatilieni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA. Wao hutoa tahadhari kwa maneno yaliyo wazi kabisa: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, pamoja na mikoa inayohusika. Tangazo kama hilo likitolewa kwa pwani ya Dar es Salaam na visiwa vya Unguja na Pemba, na mna mtoto mdogo, ahirisheni safari kwa siku moja. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, boti za Dar na Unguja zilisimamishwa kabisa. Aliyekuwa na siku moja ya ziada katika mpango wake alingoja. Aliyepanga kila kitu kikabana, alipoteza hoteli na basi kwa pamoja. Siku hiyo ya ziada iwekeni tangu mwanzo, kama mnavyoweka pesa za dharura.

Hatua ya tatu: chagueni chombo

Kati ya Dar na Unguja, boti za abiria zinazotegemewa ni zile za kasi. Azam Marine ndiyo yenye jina kubwa, na boti zake zinaitwa Kilimanjaro na namba zake. Zan Fast Ferries nayo inafanya njia hiyohiyo. Hizi ni katamarani, vyombo vyenye matumbo mawili yaliyounganishwa kwa juu. Maji yakiwa ya kawaida, safari ni kama saa mbili. Umbo lake halilali upande kama jahazi, lakini bahari ikichafuka mtikisiko wake ni mfupi na wa ghafla, na tumbo la mtoto halipendi mishtuko hiyo.

Meli kubwa zinazobeba mizigo na magari huenda taratibu zaidi na huyumba kwa mapana. Kuna wanaoona heri hizo. Kwa familia, mimi nachagua boti ya kasi, kwa sababu mtoto anayeumwa na bahari hupona kwa kushuka tu, na kadiri anavyoshuka mapema ndivyo bora.

Kuna vyombo ambavyo familia haipaswi hata kuvifikiria. Vanga, Shimoni, Pangani au Bagamoyo, mtu anaweza kuwaambia kuna jahazi au mashua inayovuka usiku kwa bei nafuu. Kataeni. Hakuna orodha ya abiria inayoachwa nyuma, majaketi ya kujiokoa mara nyingi hayatoshi, na mkifika upande wa pili bila muhuri wa uhamiaji mnakuwa na kesi.

Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu bahari hii imeshatuzikia watu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander, ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imepakia abiria na mizigo kupita kiasi mno, ilizama upande wa Nungwi, na miili zaidi ya 200 ilipatikana. Haukupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar. Ile Skagit ilikuwa imeundwa kwa ajili ya maji yaliyokingwa ya Puget Sound, katika jimbo la Washington huko Marekani, ikaletwa kwenye bahari ya wazi, katikati ya kusi. Waliokufa na waliopotea walizidi 100. Mzazi akijua habari hizi mbili anajua maswali ya kuuliza: chombo hiki kimetengenezwa kwa bahari ya namna gani, kinachukua watu wangapi, na leo kimepakia wangapi?

Mkifika gatini mkaona watu wamekaa juu ya mizigo kwenye njia za kupitia na bado wengine wanapandishwa, rudini. Hakuna tiketi yenye thamani ya kuwashinda watoto wenu.

Hatua ya nne: chagueni saa

Kwa miaka mingi boti za kasi zimekuwa zikiondoka Dar asubuhi mapema, asubuhi ya kati, mchana na alasiri. Ya kwanza ni ya saa moja asubuhi. Ratiba hubadilika, kwa hiyo ithibitisheni kwenye tovuti ya kampuni au ofisini kwao.

Ya asubuhi mapema ndiyo ya familia. Upepo wa pwani yetu hupanda kadiri jua linavyopanda, na maji ya saa moja asubuhi mara nyingi ni mapole kuliko ya saa kumi alasiri. Pia mtafika Malindi, bandari ya Unguja, kukiwa bado asubuhi. Foleni ya uhamiaji ikichelewa, hakuna kilichoharibika. Kutoka mjini hadi Nungwi au Paje ni zaidi ya saa moja ya gari, na barabara za shamba usiku zina baiskeli, ng'ombe na watoto wanaotoka madrasa. Boti ya alasiri inawafikisha machweo, watoto wamechoka, na dereva wa teksi anajua hamna pa kwenda, basi hapo bei inapanda.

Angalieni pia sikukuu. Siku za kuelekea Idd, wenyeji wanarudi makwao na boti hujaa mapema. Mwezi wa Ramadhani boti huwa na nafasi, lakini kisiwani migahawa mingi hufungwa mchana na si adabu kula hadharani, hivyo mwenye watoto achague hoteli inayotoa chakula cha mchana ndani.

Hatua ya tano: karatasi

Mkenya haombi viza ya Tanzania. Lakini msiende na kitambulisho cha taifa mkidhani kitatosha kama mnavyofanya Uganda. Kila mtu awe na pasipoti, mtoto mchanga naye. Zikague miezi miwili kabla, kwa sababu pasipoti ya mtoto huisha muda wake wazazi wakiwa hawana habari.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano inadaiwa kwa wanaotoka Kenya, kuanzia umri wa mwaka mmoja. Chanjo hiyo huhesabika siku kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo msiiache hadi wiki ya safari. Tangu Julai 2016, chini ya kanuni za kimataifa za afya, kadi hiyo ni ya maisha, hata kama mwanzoni iliandikwa miaka kumi. Msikubali kuuziwa nyingine mpakani na mtu wa pembeni.

Zanzibar nayo, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, ina bima ya lazima kwa wageni inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar. Inalipiwa mtandaoni kabla ya safari. Ingieni kwenye tovuti yao rasmi, wekeni uraia wenu na umri wa watoto, muone kiwango kinachowahusu, kisha mchapishe risiti. Msitegemee simu pekee, maana betri huisha pale pale kwenye foleni.

Mzazi anayesafiri peke yake na watoto abebe nakala za vyeti vya kuzaliwa na barua ya idhini ya mzazi mwenzake. Si kila afisa atauliza, lakini akiuliza, maneno matupu hayatasaidia.

Na mifuko ya plastiki iacheni nyumbani. Tanzania iliipiga marufuku Juni 2019, kama Kenya ilivyofanya 2017.

Hatua ya sita: tiketi

Kateni tiketi kwenye tovuti ya kampuni yenyewe au kwenye dirisha lao. Ofisi za boti Dar ziko barabara ya Sokoine, karibu na Kanisa la Mtakatifu Yosefu, ng'ambo ya bandari. Mkishuka tu kwenye teksi na mabegi, vijana watawazunguka. Mmoja amevaa kitambulisho shingoni, mwingine ameshika kijitabu cha risiti, wa tatu ameshakamata begi la mtoto na anatembea nalo. Watasema boti ya asubuhi imejaa, au dirisha limefungwa, au Wakenya wanalipia ofisi nyingine huko nyuma. Wajibuni kwa upole, "Ahsante kaka, tiketi tunayo," na msisimame. Mama ashike mikono ya watoto, baba ahesabu mabegi, na mtu mmoja tu ndiye azungumze. Mkihitaji mchukuzi, mkubaliane bei kabla hajainua kitu, na atembee mbele yenu mkimwona.

Majina kwenye tiketi yalingane na ya pasipoti, yote matatu kama yako matatu. Bei ya asiye raia wala mkazi wa Tanzania ni ya juu kuliko ya mwenyeji. Kiwango kilichozoeleka kwa mtu mzima, daraja la kawaida, kimekuwa dola 35 za Marekani. Watoto hupunguziwa kwa umri, kwa hiyo andikeni tarehe zao za kuzaliwa kwa usahihi. Msishawishike kukata tiketi ya mwenyeji kwa kuwa Kiswahili chenu ni safi. Mlangoni wanaangalia pasipoti, na tofauti mtailipa hapo hapo huku foleni ikiwatazama.

Kuhusu daraja: kuna la kawaida na kuna la VIP na zaidi. VIP ina viti vipana, hewa ya baridi na msongamano mdogo. Haina bahari yake ya peke yake. Mara nyingi iko juu, na juu ndiko boti inakoyumba zaidi. Bahari ikiwa shwari, lipeni VIP mkijisikia. Bahari ikiwa chafu, kiti kizuri kuliko vyote ni cha daraja la kawaida, chini, katikati kuelekea nyuma. Huko mbele kabisa, karibu na omo, ndiko chombo kinakopanda na kushuka kama ubao wa bembea.

Ulizeni pia uzito wa mizigo. Kilo 25 kwa abiria ndio mpaka wa kawaida, na kwa familia hiyo ni mizigo mingi ya kutosha.

Hatua ya saba: usiku wa Dar

Msijaribu kuunganisha basi na boti siku moja. Basi likichelewa mpakani saa mbili, boti imekwenda. Laleni Dar, na mlale karibu na bandari: Kisutu, Posta, au Kariakoo, ambako nyumba za wageni na hoteli za bei ya wastani ni nyingi. Mabasi mengi ya mikoani huishia kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, mbali na mjini, kwa hiyo kabla ya kukata tiketi ulizeni basi lenu linashushia wapi. Mwendokasi ya Kimara, yaani mabasi ya haraka ya jijini, inakwenda hadi Kivukoni, karibu kabisa na boti, na kwa mtu mmoja ni usafiri mzuri sana. Kwa familia yenye mabegi na watoto waliosinzia, chukueni teksi.

Asubuhi fikeni bandarini angalau saa moja kabla. Kuna ukaguzi wa mizigo kwa mashine, kuna foleni ya tiketi, na viti vya daraja la kawaida havina namba: anayewahi ndiye anayechagua.

Hatua ya nane: ndani ya boti

Mkiingia tu, tazameni mambo matatu kabla ya kukaa: mlango wa kutokea ulio karibu, mahali yalipo majaketi ya kujiokoa, na kama kuna ya watoto. Mwulizeni mhudumu awaonyeshe. Hili si kuogopa, ni wajibu wa mzazi.

Watoto wa miaka miwili hadi kumi na miwili ndio huumwa na bahari zaidi. Wachanga mara nyingi hulala fofofo. Mpeni mtoto kifungua kinywa chepesi saa moja na nusu hivi kabla ya safari: mkate mkavu, ndizi mbivu, maji kidogo. Mandazi ya mafuta, chai ya maziwa na juisi tamu vingoje Unguja. Tumbo tupu nalo halifai. Dawa ya kuzuia kichefuchefu ipatikane kwa daktari au mfamasia kabla ya kutoka nyumbani, kwa kipimo cha umri na uzito wa mtoto, na inywewe nusu saa hadi saa moja kabla ya kung'oa nanga. Mtoto akishaanza kutapika haitakaa tumboni. Promethazine isipewe mtoto wa chini ya miaka miwili.

Mwanzo wa safari hudanganya. Boti inatoka kwenye mlango mwembamba wa bandari, Kigamboni mkono wa kulia, maji yametulia, watoto wamejibandika kwenye vioo, visiwa vya Bongoyo na Mbudya vinapita kushoto. Wanaanza kufungua biskuti na simu zinawashwa katuni. Mkishafika maji ya wazi, boti inanyanyuka, inakaa juu kidogo, kisha inashuka, na matumbo yanashuka baadaye. Mhudumu anaanza kupita kati ya viti akigawa mifuko ya kutapikia. Mtoto wa kwanza akitapika, harufu inaamsha wa pili.

Kabla ya hapo, zimeni simu na mfunge vitabu. Mtoto akikodolea kitu cha karibu kilichotulia mbele ya macho huku mwili unarushwa, ndipo kichwa kinapochanganyikiwa. Mwelekezeni atazame mbali dirishani, pale maji yanapokutana na mbingu, au mtoke naye nje sehemu ya wazi, nyuma, mumshike mkono, apigwe na upepo. Ndimu iliyokatwa ya kunusa ni ya zamani na bado inasaidia. Akishindwa, alale chali, macho yafumbwe, kitambaa chenye maji ya baridi kwenye paji la uso. Bebeni nguo moja ya kubadilisha ndani ya mkoba wa mkononi, kwa sababu begi kubwa limewekwa kwenye rundo ambalo hamtalifikia.

Mnara wa taa wa Chumbe, uliojengwa 1904, ukionekana mkono wa kulia, waambieni watoto wameshafika. Kutoka hapo kisiwa chenyewe kinaanza kuwakinga, na muda si mrefu mtaona mapaa ya Mji Mkongwe.

Kwa wanaotaka Pemba

Pemba ni ya familia inayopenda utulivu na isiyohitaji mengi: mashamba ya mikarafuu, vilima vya kijani, misitu kama Ngezi, fukwe zisizo na vurugu. Njia zake ni mbili. Ya kwanza ni kupitia Unguja, mlale siku mbili tatu, kisha mchukue boti ya kwenda Mkoani, bandari ya Pemba. Safari hiyo ni ndefu kuliko ya Dar, na baada ya Nungwi mnaingia mlango wa bahari wenye mkondo mkali, mahali pa kuheshimiwa hasa wakati wa kusi. Ya pili ni kutoka Tanga moja kwa moja. Kwa mtu wa Mombasa hii ndiyo njia ya kijiografia yenye mantiki zaidi, kwa sababu Tanga ni nusu siku tu na hakuna haja ya kuiona Dar kabisa.

Tatizo la Tanga ni ratiba. Safari ni chache kwa wiki, na meli ikienda matengenezo zinaweza kusimama kwa muda. Kwa hiyo pigeni simu kwa kampuni wiki moja kabla, mpige tena siku mbili kabla, na mkate tiketi mkiwa na uhakika. Pangeni siku za hoteli Pemba kwa kufuata siku za meli.

Hatua ya mwisho: kurudi

Mabasi ya kwenda Kenya huondoka Dar alfajiri. Maana yake boti ya kurudi iwe ya siku iliyotangulia. Wakati wa kusi chukueni ile ya asubuhi hata kama mnatamani mchana mmoja zaidi ufukweni. Kurudi ndiko mnakoukabili upepo, na kila saa inayopita asubuhi inauongeza. Mtafika Dar kabla ya adhuhuri, watoto wapumzike, jioni wale chakula cha kushiba, na mtu mzima mmoja aende ofisi ya basi kuthibitisha viti na saa ya kuripoti.

Wakati wa kukata tiketi ya kurudi, ulizeni masharti ya kubadilisha tarehe: muda gani kabla, na kwa malipo gani. Tiketi inayobadilika ni bora kwa mwenye watoto hata ikizidi bei kidogo, kwa sababu mtoto akiamka na homa siku ya kuvuka, mtabadilisha tarehe tu na kubaki naye kitandani.